Tanuri Likikataa Kuwaka, Sikiliza Limeishia Wapi

Tanuri la gesi linalopasha nyumba joto halianzi kwa moto. Swichi hulia "tak", feni ndogo ikaanza kuvuma, kikafuata kimya cha sekunde kadhaa, kisha "tak" nyingine, ndipo moto unashika kwa mvumo. Hata hapo bado. Hupita nusu dakika hivi kabla feni kubwa haijaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani. Anayeujua mfuatano huo wa sauti tayari ana nusu ya ufundi anaouhitaji siku tanuri litakapogoma. Kila sauti ni hatua iliyokamilika, na pale zinapokatika ndipo penye kasoro, au jirani na hapo.

Jambo hili linawagusa Waswahili wengi walioko Minneapolis, Columbus au Winnipeg. Aliyekulia Mombasa, Kigoma au Bukavu alizoea kufungua dirisha apate hewa. Kwenye miji hiyo ya ughaibuni, usiku wa Januari unaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na Winnipeg ikapita 30. Karibu nusu ya nyumba za Marekani hupata joto lake kutokana na gesi asilia. Wazo la kuitumia gesi kupeleka joto vyumba vyote kwa njia za hewa lina zaidi ya miaka mia: Alice H. Parker, mkazi wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza ya tanuri la namna hiyo tarehe 23 Desemba 1919.

Tanuri la leo limeundwa kwa shaka. Haliamini kwamba feni inazunguka, haliamini kwamba bomba la moshi liko wazi, haliamini hata kwamba moto umewaka, mpaka kila moja lithibitishwe kwa umeme. Ushahidi mmoja ukikosekana, linafunga gesi na kusubiri. Kwa hiyo tanuri lisilowaka mara nyingi halijafa, limenyimwa ushahidi.

Ukimya kamili, bila hata ile "tak" ya kwanza, maana yake tanuri halijaombwa joto au halina umeme. Themostati ya ukutani hupeleka ombi kwa volti 24 tu, na betri zake zikichoka ombi halifiki. Tazama pia kama breka imeruka. Kisha tafuta swichi iliyo ubavuni mwa tanuri au karibu yake, inayofanana kabisa na ya taa, ambayo watoto na wageni huizima wakidhani ni ya taa kweli. Mlango wa bati wa tanuri nao una swichi nyuma yake. Usipokaa sawasawa, umeme hukatika. Ndani, kwenye bodi ya umeme inayoliongoza tanuri, kwa kawaida kuna fyuzi ndogo kama ya gari, ya ampea 3. Mambo haya hayana sayansi kubwa, lakini huwalipa mafundi pesa nyingi.

Feni ndogo ikivuma kisha kila kitu kikakoma, shuku njia ya moshi. Feni hiyo hufyonza moshi kutoka kwenye tanuri na kuutoa nje, na mvuto wake huvuta utando mwembamba ulio ndani ya swichi ya presha. Utando usiposogea, hakuna gesi. Mjanja anayedhani ataiunganisha waya ili airuke swichi hiyo atashangaa: kabla feni haijazunguka bodi huitarajia swichi iwe wazi, na ikiikuta imefunga, inakataa kuendelea. Ashukuru, maana moshi ule ungebaki ndani.

Wahalifu wa hatua hii ni theluji iliyoziba mabomba ya nje, na maji. Ndiyo, maji. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikiungua hutoa hewa ya ukaa na mvuke, na mita moja ya ujazo ya gesi huzaa takriban kilo moja na nusu ya maji. Matanuri ya zamani yaliutupa mvuke huo angani pamoja na joto lake. Yale yenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi huupoza hadi ugeuke maji, yakavuna joto hilo la ziada, na tanuri la nyumba ya kawaida linaweza kutiririsha lita kadhaa kwa siku moja ya baridi kali. Mpira wa kutolea maji ukiziba au ukiganda, maji hurudi nyuma na kuivuruga swichi ya presha. Kwa hiyo nyumba inakosa moto kwa sababu ya maji yaliyozaliwa na moto wenyewe.

Presha ikithibitika, kiwashio huanza kung'aa rangi ya chungwa. Ni kipande cha kauri kinachopitishwa umeme hadi kivuke nyuzi 1,000, ilhali methani huhitaji kama nyuzi 540 tu ili ishike. Kupanda na kushuka kwa joto hilo kila siku hukichosha, na siku moja hupasuka ufa usioonekana kwa urahisi. Ukichungulia tundu la kutazamia usione mng'ao, huenda umempata mgonjwa wako. Usikishike kwa vidole. Huvunjika upesi, na mafuta ya ngozi huwafupishia maisha baadhi ya viwashio.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo kuliko zote. Moto unawaka, unadumu sekunde chache, unazimika. Unawaka tena, unazimika tena. Gesi ipo, kiwashio kizima, ila bodi haijauona moto.

Bodi huuonaje? Ndani ya mwali kuna chembe zenye chaji, yaani ioni nzito na elektroni nyepesi, hivyo mwali hupitisha umeme kidogo. Fimbo nyembamba ya chuma husimama ndani ya moto ikiwa na umeme wa kwendarudi, na upande wa pili ni mwili wa vichomeo vyenyewe, ulioungwa na waya wa ardhi. Kwa kuwa vichomeo ni vikubwa mno kuliko fimbo, umeme hupita vizuri upande mmoja kuliko mwingine, na kinachobaki ni mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Hapo ndipo penye akili. Fimbo ikiangukia chuma, umeme utapita pande zote mbili sawa, na bodi itajua kwamba huo si moto. Ni mwali peke yake unaoacha alama hiyo.

Mkondo huo ni sehemu chache tu za milioni za ampea. Utando mwembamba wa uchafu kwenye fimbo, ikiwemo silika inayotokana na dawa za kupuliza zenye silikoni, hutosha kuuziba. Dawa yake ni kuzima umeme na gesi, kufungua skrubu, na kuisugua fimbo taratibu kwa sufi laini ya chuma mpaka ing'ae. Waya wa ardhi ukilegea, dalili ni zilezile. Umeme wa mtaa ukikatika na mtu akaliwasha tanuri kwa jenereta ndogo ambayo waya wake wa nyutro haukuungwa na ardhi, moto unaweza kuwaka na bodi ikasema haujawaka.

Kama feni kubwa inafanya kazi lakini moto hukatika baada ya dakika kadhaa, anza na kichujio cha hewa. Kikijaa vumbi, joto hukwama ndani na swichi ya kikomo hukata gesi.

Baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa tanuri hujifunga lenyewe, mara nyingi kwa saa moja. Kuzima na kuwasha swichi hulifungua, lakini usigeuze hilo kuwa desturi. Ukisikia harufu kama ya mayai yaliyooza, usiguse swichi yoyote; toka na watu wako, upige simu ukiwa nje. Gesi asilia haina harufu yake. Hutiwa kwa makusudi, desturi iliyotiliwa mkazo baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, uliowaua karibu watu 300 tarehe 18 Machi 1937. Gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haitiwi harufu na mtu, na ndiyo ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo weka king'ora chake karibu na vyumba vya kulala, na tanuri likigoma usilete jiko la mkaa ndani kushikilia usiku.

Vali ya gesi, mpasuko kwenye kuta za chuma zinazotenganisha moshi na hewa ya nyumba, na waya za swichi za usalama mwachie fundi. Ila usimwambie tu kwamba halifanyi kazi. Mwambie feni ndogo ilivuma au haikuvuma, kiwashio kiling'aa au hakikung'aa, moto ulidumu sekunde ngapi, na ile taa ndogo kwenye bodi inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika. Maana ya mipepeso hiyo imebandikwa nyuma ya mlango wa bati. Huenda akaja na kipuri kinachofaa tayari garini, asikutoze safari ya pili.