Taa za remorki zinawaka, lakini freni je?



Wakati wa mavuno swali linakuwa lilelile: mpunga na mahindi yatapanda Bukavu namna gani? Wengine wanakodi lori, wengine wamejinunulia remorki ya kufunga nyuma ya kamioneti ao trakta. Sisi agronome tunaulizwa sana juu ya idadi ya mifuko, mara chache juu ya freni. Kutoka Sange hadi Kamanyola barabara ni ya tambarare, na freni za gari peke yake zinaweza kukudanganya kwamba zinatosha. Kazi inaanza Ngomo. Tambarare yetu ya Ruzizi iko chini ya meta 1,000, Bukavu iko karibu na meta 1,500, na barabara ya Ngomo inapanda katikati ya mlima na korongo, kona juu ya kona. Wakati wa kushuka na mbolea ao simenti, remorki isiyo na freni zake inasukuma gari kwa nyuma, na kwenye kona inaweza kulikunja na kulitupa ubavu.

Remorki zilizotoka Ulaya mara nyingi zina freni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, mkono wa remorki unarudi ndani na kuvuta kamba za chuma. Zile hazitaki umeme. Zilizotoka Marekani ao Australia mara nyingi zina freni za umeme, na hizo ndizo tunazungumzia hapa. Kabla ya kununua chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona waya mbili zinaingia ndani ya tamburi, ni ya umeme.

Ndani ya tamburi kuna sumaku. Ukikanyaga freni, umeme unaingia katika sumaku, sumaku inanata kwenye tamburi linalozunguka, linaivuta kidogo, na ule mvuto unasukuma mkono unaopanua garnitiri. Ndiyo kusema nguvu inatoka kwa gurudumu lenyewe. Umeme unaamuru tu. Mukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Sumaku moja inakula karibu ampere 3 hadi 4 kwa volti 12. Magurudumu manne yanaweza kufika ampere 15, wakati ampuli ya stopu haifiki 2. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Waya wa 1.5, ule wa kufungia ampuli za nyumba, unawasha taa zote vizuri kabisa, na freni hazishiki. Tupige hesabu: kutoka batri hadi magurudumu ni kama meta 10, na umeme unarudi meta 10 zingine. Kwa magurudumu manne, waya wa 1.5 unapoteza karibu volti 3 njiani. Waya wa 4 unapoteza kama volti 1. Sumaku yenye volti 9 hainati kama yenye 12. Kwa hiyo ununue waya wa 4, wa nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa ukutani unaokatika kwa kutetemeka.

Njia ya kurudi ndiyo inasahauliwa zaidi. Mafundi wengi wanategemea chuma cha kifungio kirudishe umeme kwenye gari. Chuma hicho kina grisi, kutu na vumbi, na kinarukaruka. Pitisha waya wa kurudi wenye unene sawa, kutoka remorki hadi batri ya gari. Kila sumaku ina waya mbili: moja kwa waya wa freni, nyingine kwa waya wa kurudi, yoyote kwa yoyote, haidhuru. Viungo vichomwe kwa risasi ao vibanwe na vifungio vya shaba, kisha vifunikwe maji yasiingie. Kusokota na kuweka skochi hakumalizi msimu mmoja wa mvua.

Ndani ya gari panawekwa kisanduku kinachopima umeme wa freni. Kina waya nne: ya batri, ya kurudi, ya swichi ya taa ya stopu, na ya kwenda remorki. Ile ya batri ipitie fizible, ampere 20 kwa magurudumu mawili, 30 kwa manne. Hapa Sange, tangu lori la mafuta la tarehe 2 Julai 2010, hakuna wa kufundishwa moto ni nini: waya usio na fizible, uliochubuka karibu na bidoni za mazuti, hatuukubali.

Kuna fundi atakayekuambia kisanduku ni bei ya bure, tuunganishe freni kwenye waya wa stopu. Ukatae. Kila utakapogusa kanyagio, magurudumu ya remorki yatakamata kwa nguvu zote, ao fizible ya stopu itaungua na ubaki bila freni za remorki wala taa.

Usifuate rangi pia. Kwenye remorki za Marekani waya ya bluu ni ya freni. Kwenye prizi ya Ulaya ya matundu saba bluu ni ya taa ya ukungu, na hakuna tundu la freni za umeme kabisa. Fuata waya kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho. Na malori mengi ni ya volti 24: sumaku ya 12 itaungua humo.

Kwa trakta, kanyagio mbili za freni zifungwe pamoja kabla ya kuingia barabarani. Ikiwa haina swichi ya stopu, iwekwe kwanza.

Remorki yenyewe iwe na batri yake ndogo na swichi ya kukatika. Kamba ya swichi hiyo ifungwe kwenye chasi ya gari, si kwenye kifungio, kwa sababu kifungio kikichomoka kitaondoka pamoja nayo.

Kujaribu ni hivi: inua gurudumu kwa jeki, mmoja alizungushe kwenda mbele, mwingine asukume kitufe cha mkono cha kisanduku. Lisimame. Rudia kwa kila gurudumu. Halafu, remorki ikiwa na mzigo, jaribu kwa kilometa 30 kwa saa pale penye tambarare, uongeze nguvu kwenye kisanduku hadi karibu na kukamata, usipite.

Sasa lile la kurudilia. Kwa kuwa nguvu inatoka kwa gurudumu linalozunguka kwenda mbele, freni hizi ni dhaifu remorki ikirudi nyuma, na haziwezi kuwa freni ya kuegesha. Gari likizimika ukipanda Ngomo, hazitakushikilia. Msaidizi akae tayari na vigingi viwili vya mbao ngumu, aviweke nyuma ya magurudumu ya remorki kwanza, kisha ya gari. Na wakati wa kushuka, ingiza gia ya chini ukiwa bado juu, kabla tamburi hazijapata moto.