Mshale Kati ya Kazi na Kazi

Kiwanda cha DuPont mjini Louisville, Marekani, kilikuwa kikizimwa kwa matengenezo, na kila kikizimwa, uzalishaji ulisimama kwa wastani wa saa 125. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walijaribu njia mpya. Waliorodhesha kazi zote, muda wa kila moja, na ipi haiwezi kuanza kabla ya ipi. Kompyuta ya UNIVAC ikapiga hesabu. Saa zikashuka hadi 93.

Siri ilikuwa katika huo mfuatano wa kazi. Ukishajulikana, mnyororo mmoja mrefu kuliko yote hujitokeza, nao ndio unaoamua siku ya kumaliza. Kuharakisha kazi iliyo nje yake ni kumwaga fedha bure.

Leo hesabu hiyo imo ndani ya programu kama Microsoft Project na Primavera. Mpangaji anaunganisha kazi mbili, na mshale unatokea kwenye skrini. Kwenye ujenzi, mshale wa kawaida ni huu: zege halimwagwi mpaka nondo zifungwe. Lakini kuna kazi zinazokwenda sambamba. Mtaro wa bomba la maji ukiwa mrefu, mabomba huanza kulazwa siku chache baada ya uchimbaji kuanza, wachimbaji wakiwa bado mbele. Halafu kuna kusubiri kwenyewe: jamvi la zege likishamwagwa humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, na siku hizo lazima ziingizwe kwenye mshale, maana zege haliombwi likomae haraka.

Ratiba nyingi huharibikia kwenye tarehe. Mpangaji mwenye haraka huzichapa kwa mkono. Katika Microsoft Project, kazi inayojipanga yenyewe ikichapiwa tarehe ya kuanza, tarehe hiyo hugeuka sharti: kazi haitapangwa mapema zaidi, hata kama iliyoitangulia imekwisha wiki nzima kabla. Muda uliookolewa kwa jasho la mafundi unapotea hapo. Na pasipo mishale kabisa hali ni mbaya zaidi: nondo zinachelewa bandarini, huku upauaji ukionekana kwenye skrini uko palepale.

Mwenye mradi anaweza kuipima ratiba aliyoletewa. Amwombe mpangaji asogeze mbele ufikaji wa nondo kwa siku 5, kisha atazame siku ya makabidhiano. Isipohama, ama kazi hiyo ina nafasi ya kuchelewa, ama kuna mshale uliokosekana au tarehe iliyochapwa kwa mkono, na mpangaji aonyeshe ni lipi kati ya hayo.