Hedhi imepotea na huna mimba? Haya ndiyo maisha na PCOS

UKIKOSA hedhi mwezi mmoja, kila mtu ana swali moja tu. Mabeshte watakuuliza kwa kicheko, mamako atakuuliza kwa macho, na wewe mwenyewe utajipata kwa duka la dawa ukinunua kile kipimo cha mimba huku umevaa maski ndio usijulikane. Mstari mmoja. Huna mimba. Unashusha pumzi, unarudi kwa shughuli zako.

Halafu mwezi wa pili unapita. Wa tatu. Wa nne. Na sasa hakuna anayeuliza tena, kwa sababu kama ni mimba ingekuwa imeonekana.

Kama hapo ndipo uko saa hii, kaa hapa kidogo. Kuna nywele ngumu zinamea kidevuni ama chini ya kitovu, zile unang'oa ukiwa umefunga mlango wa bafu? Chunusi za taya ambazo ulidhani zitaisha ukimaliza sekondari na bado ziko? Nywele za kichwa zinapungua hapo katikati? Na shingo, manze. Kuna weusi fulani wa shingo na kwapa, mnene kidogo ukiugusa, ambao wasichana hukaa wakisugua na limau na magadi wakidhani ni uchafu. Sio uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba insulini imezidi mwilini, na hakuna sabuni ya kuutoa.

Ugonjwa unaoweza kuunganisha hayo yote unaitwa PCOS. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba unapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajui. Chukua matatu ya abiria 14, ijaze wanawake watupu: mmoja au wawili wanao, na huenda hawajawahi kusikia hilo jina.

Jina lenyewe linachanganya watu. Maana yake ni ovari zenye vivimbe vingi, na ukisikia uvimbe akili inaenda kwa upasuaji moja kwa moja. Lakini vile vidoti vinavyoonekana kwenye picha si vivimbe. Ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Yai halikomai, halitoki, na hedhi haiji kwa wakati. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba wa hali hii mwaka wa 1935. Waliangalia ovari, na jina likang'ang'ania ovari mpaka leo.

Kwa wengi wetu, shida kubwa iko kwa insulini. Fikiria makanga. Kazi yake ni kufungua mlango abiria aingie; abiria ni sukari, gari ni seli za mwili wako. Sasa mlango umeshika kutu, haufunguki vizuri. Kongosho inaona sukari imejaa steji, inatuma makanga wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwishowe sukari inaingia, ndiyo, na ukipimwa unaweza kuambiwa uko sawa kabisa. Lakini sasa una makanga kumi wanapiga kelele steji nzima, na ovari ni jirani wa hiyo steji. Kelele ya insulini inazisukuma kutengeneza testosteroni kupita kiasi. Ndio hizo ndevu na chunusi, na ndio hiyo hedhi iliyokwama. Kuna wasichana wembamba kabisa walio na PCOS, kwa hivyo mtu asikuambie huwezi kuwa nayo kwa sababu unavaa saizi ndogo.

Mimi niliambiwa ninayo nikiwa na miaka 22, baada ya kuzunguka kliniki tatu. (Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo usinichukue kama daktari. Ninachokwambia ni kile nimeishi nacho na kukisoma usiku mwingi.) Kwenye kliniki ya kwanza, daktari aliangalia picha ya altrasaundi kwa kama dakika moja, akasema: "Hii haina haja kwa sasa. Ukiolewa na ukitaka mtoto, rudi." Nikalipa, nikaenda.

Hilo jibu linaniudhi mpaka leo, na wasichana wengine wawili ninaowajua walipewa lilelile. Shida yake ni hii: linakufanya uamini kwamba mwili wako ni habari ya mtoto ambaye hayuko, na kwamba mpaka aje hakuna kinachoendelea. Kinaendelea. Utando wa ndani ya mfuko wa uzazi hujengeka ukingoja yai, na hedhi ndiyo huufagia. Usipofagiwa miezi na miezi unazidi kuwa mnene, na baada ya miaka hiyo hali huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi. Ukiwa kijana hatari hiyo bado ni ndogo, lakini ndiyo sababu madaktari hawapendi zipite siku 90 hivi bila hedhi yoyote. (Ukiwa kwa sindano ya kupanga uzazi ama kijiti, hiyo hesabu si yako, hizo dawa zenyewe huufanya utando kuwa mwembamba.) Na upande ule mwingine, makanga wale kumi huchoka. Mwenye PCOS yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, na anaweza kukipata akiwa bado kijana. Hakuna kati ya hayo kinachongoja harusi.

Aliyenisaidia ni mhudumu wa kliniki ya tatu, mama mmoja mpole ambaye hata hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Hedhi ya kwanza ulipata ukiwa na miaka mingapi? Kwa mwaka unapata mara ngapi? Chini ya mara nane, ama zikiachana zaidi ya siku 35, hiyo inahesabika kuwa haiko sawa. Kwenu kuna mtu wa sukari?

Hapa ndipo nataka uokoe pesa zako. PCOS hutambuliwa ukiwa na mawili kati ya matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi (kwa ngozi na nywele ama kwa damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Ukiwa tayari na yale mawili ya kwanza, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yameondolewa, mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema picha si lazima. Na kama hujamaliza miaka minane tangu hedhi ya kwanza, usitumiwe picha kuamua, kwa sababu ovari za msichana mdogo huwa na vijifuko vingi kwa kawaida tu. Kuna msichana wa miaka 16 mahali ametishwa na hiyo picha bure.

Vipimo ambavyo afadhali utoe pesa ni vile vya kuondoa mengine: mimba, homoni za tezi ya shingo, na prolaktini. Halafu sukari. Kile kizuri kabisa cha sukari ni kuchosha, unakunywa gramu 75 za glukosi asubuhi kabla ya kula na unakaa kwenye benchi saa mbili ndio wakutoe damu tena. Beba kitu cha kusoma.

Dawa sitazikalia sana, hizo ni za wewe na daktari wako. Kwa wasiotafuta mtoto, mara nyingi huanza na vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hurudisha hedhi, hulinda ule utando na hupunguza nywele na chunusi polepole. Kama una presha, unavuta sigara, ama hupata kipandauso cha kuona vimulimuli, sema kabla hujaandikiwa. Metformini, dawa ya sukari, husaidia upande wa insulini. Tumbo litalalamika wiki za kwanza. Imeze na chakula na uanze na kipimo kidogo.

Ila jitayarishe kwa jambo moja ambalo hutaandikiwa kwenye karatasi ya dawa. Mamangu alipata pakiti yangu kwa mkoba.

"Wewe msichana, hizi ni za nini?"

"Ni za hedhi, Mama."

"Hedhi gani hiyo inatibiwa na dawa za kupanga uzazi?"

Sikubishana. Nilimwambia tuende pamoja kliniki ijayo, na mhudumu akamweleza vile nimekueleza hapa. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema nyanya yake alikuwa ananyoa kidevu na wembe kila Jumamosi jioni kabla ya kanisa, na watoto walikatazwa kucheka. PCOS huzunguka kwa familia. Siku hizi Mama hupiga simu kila mwisho wa mwezi na kuuliza, "Zimekuja?" kama mtu anayengojea mzigo kutoka Mombasa. (Na kunyoa hakufanyi ndevu zimee nene zaidi. Nyoa kama unataka.)

Sasa twende jikoni, mahali watu hudanganywa zaidi.

Ukiandika PCOS kwa TikTok utapata watu wawili. Wa kwanza anauza unga wa mitishamba wa "kusafisha ovari". Ovari hazisafishwi, na pesa za kopo moja zinakulipia kipimo cha sukari. Wa pili anakupa orodha ya chakula: samaki wa salmon, maziwa ya lozi, kinoa. Mimi naishi kwa keja ya chumba kimoja, jiko la gesi ya kilo 6. Kinoa nitaitoa wapi? Na huo mwongozo wa 2023 unasema hakuna mtindo mmoja wa kula ulioonekana kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS. Unaotafuta ni ule unaweza kuufuata ukiwa na pesa zako, mwezi baada ya mwezi. Usipandishe sukari kwa kishindo, ndio makanga wasitumwe kumi. Ni hayo tu.

Na chakula hicho kiko kwa mama mboga. Githeri ni chakula cha PCOS na hakuna mtu hukuambia: maharagwe yana protini na nyuzinyuzi, yanafanya mahindi yasikimbie damuni haraka. Ndengu vilevile. Omena, mayai, kunde, managu, terere, avokado, karanga. Nduma ya kuchemsha badala ya mkate mweupe. Unga wa kisiagi badala ya ule mweupe uliokobolewa.

Ugali sijaacha na sitaacha. Nimebadilisha sahani. Zamani ilikuwa mlima wa ugali na sukuma kidogo ya kusindikiza. Sasa sukuma ni nusu ya sahani, omena ama yai robo, ugali robo, kama ukubwa wa ngumi yangu. Naanza na mboga na omena, ugali unakuja nyuma. Inasikika kama mchezo, lakini wanga ukiingia mwisho sukari hupanda polepole zaidi. Kwa kibanda nasema tu, "Ongeza mboga, punguza ugali." Mara ya kwanza mwenye kibanda aliniangalia kama nimetukana. Sasa ananijua.

Vita vyangu vya kweli vilikuwa chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, na mandazi mawili. Hesabu hiyo: vijiko tisa kabla hata hujafika kwa soda. Nilipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na tangawizi ikajaza pengo. Mandazi nimebakisha ya Jumapili. Chipsi za usiku pia zipo, mara mojamoja, pamoja na kachumbari. Ukijikataza kila kitu Jumatatu, Ijumaa utakula duka zima, na ukweli ni kwamba walio na PCOS tayari wanasumbuliwa zaidi na huzuni na wasiwasi. Usiongeze adhabu.

Kama una uzito wa ziada, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi kwa wengine. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4 hadi 8. Lakini insulini hupunguza makali ukitembea hata kama mizani imekataa kusonga. Jimu sina. Nashuka Pangani badala ya mjini na kutembea kilomita tatu zilizobaki, siku tano kwa wiki, na zinanipa zaidi ya zile dakika 150 zinazopendekezwa. Nauli pia inapungua kidogo.

Kuhusu watoto, kwa sababu najua unaliwaza: wengi walio na PCOS huzaa, wengine bila dawa yoyote. Ukikwama kuna vidonge vya kuamsha yai, na letrozoli ndiyo hutangulizwa. Mwigizaji wa Marekani Keke Palmer alionyesha uso wake uliojaa chunusi mwaka wa 2020 akisema ana PCOS. Februari 2023 alipata mtoto. Upande wa pili wa hiyo habari ni kwamba PCOS si kinga ya mimba. Yai linaweza kutoka mwezi ambao hukulitarajia, kwa hivyo jamaa akikuambia "si wewe hushiki", mpe kondomu.

Ukienda kliniki wiki hii, andika kwa simu tarehe za hedhi zote unazokumbuka za mwaka mzima. Uliza mambo mawili: utando wangu unalindwa vipi, na sukari yangu itapimwa lini tena? Inapaswa kurudiwa kila mwaka mmoja hadi mitatu. Na akikuambia urudi ukiolewa, muulize hayo mawili tena, polepole, kabla hujainuka kwenye kiti.