Pesa za Ebola zaliwa, waganga wa Bunia wangali bila mshahara

Machi 23, 2020, korti mjini Kinshasa ilimuhukumu waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi ngumu kwa kula zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Yeye alikana. Ugonjwa huo, uliotangazwa Agosti 1, 2018 Kivu ya Kaskazini, ulifika Ituri na kuua watu zaidi ya 2,200. Kabla haujaisha, Covid-19 nayo ikaingia nchini.

Bunia, kama kwingineko Kongo, waganga wengi wa serikali hawamo kwenye orodha ya mishahara. Wanaishi kwa malipo ya hatari na pesa za wagonjwa. Zikiliwa za juu, mganga hukosa vifaa vya kujikinga, na mgonjwa maskini ndiye hulipa.