Ukitafuta keja Garissa, uliza kwanza mto ulifika wapi

Wewe uliyeshuka basi jana jioni kutoka Eastleigh, begi mgongoni na kazi mpya ya kuripoti Jumatatu, karibu Garissa. Najua swali lako la kwanza: keja ni pesa ngapi? Tulia kidogo. Swali hilo ndilo lililoniponza mimi.

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa nimeacha chuo baada ya karo kunishinda. Nikapata chumba cha mabati upande wa mtoni, 2,500 kwa mwezi. Sokoni nilifika kwa miguu, nikajiona mjanja kweli. Aprili mto Tana ukafurika. Nilitoka usiku, godoro kichwani, simu nimeiuma kwa meno. Kodi ya mwezi huo nilikuwa nimeshalipa na sikurudishiwa hata shilingi.

Jambo ambalo mgeni hajui ni kwamba mto huu hausubiri mvua ya Garissa. Maji hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mabwawa yakijaa, ziada inateremka kwetu. Unaweza kuamka jua linawaka na maji yako mlangoni. Ilitokea wakati wa El Nino ya 1997, ikatokea 2018, Novemba 2023, na tena 2024.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, tafuta mama anayeuza chai hapo jirani, msalimie vizuri, kisha muulize maji yalifika wapi 2024. Landilodi anaweza kupaka ukuta rangi mpya. Mama wa chai hana sababu ya kukuficha.

Usidhani basi dawa ni kukimbilia bulla ya mbali kabisa. Piga hesabu. Tuseme umepata chumba cha 2,000 lakini mfereji ni mkavu. Unanunua maji ya mkokoteni wa punda, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, mitatu kwa siku: 1,800 kwa mwezi. Boda ya kwenda na kurudi kazini ni 100, siku 26: 2,600. Jumla 6,400. Chumba cha 4,500 kilicho karibu na kazi, penye mwinuko na maji ya mfereji, ndicho cha bei nafuu hapo.

Wengine huvuka daraja wakapanga Madogo, ambayo iko kaunti ya Tana River. Si vibaya, ila kumbuka mafuriko ya 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na Mororo. Watu walibaki ng'ambo, kazi iko huku.

Halafu kuna joto. Nenda ukaone chumba saa nane mchana, si jioni kukiwa na upepo. Mabati yasiyo na dari hukuchoma kama uko ndani ya jiko. Mwarobaini mmoja uani unakuokolea pesa za feni na stima.

Na nyumba za serikali je? Tangu sheria ya Machi 2024, ukiwa umeajiriwa unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ukifikiria kununua siku moja, uliza mapema malipo yamepangwaje. Wengi wetu hapa ni Waislamu na mkopo wa riba hatuugusi, hata nyumba iwe nzuri vipi. Ukiuziwa ploti, usitosheke na maneno ya mzee na karatasi ya mkono. Uliza hati.

Siwalaumu wanaorudi mtoni kila maji yakikauka. Wanajua hatari kuliko mimi, lakini mfuko ndio unaoamua. Ninachotaka ni wewe usiingie pale bila kujua.

Juzi nilipita kile chumba changu cha zamani. Kimepakwa rangi ya kijani, kinapendeza bana. Kijana mmoja alikuwa mlangoni akiuliza bei. Nilimvuta kando nikamwonyesha mwarobaini ulio nyuma ya nyumba. Alama ya tope bado iko kwenye shina, inanifika kiunoni.

Wewe siwezi kukuvuta kando. Ndiyo maana nimekuandikia.