Wafugaji Waliofungua Mlango kwa Wageni

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kaskazini ya Mlima Kenya, katika Kaunti ya Laikipia, wako wafugaji wa Kimasai walioijaribu methali hiyo kwa ardhi yao wenyewe. Ardhi hiyo ya pamoja yaitwa Il Ngwesi, nayo ni yapata hekta 8,700. Sehemu yake wameitenga kuwa hifadhi ya wanyama wa porini, na mwaka 1996 wakafungua humo nyumba ndogo ya wageni. Si mali ya serikali, wala si ya tajiri mmoja. Ni mali ya wenyeji wote, na watumishi wake ni watoto wa hapo hapo.

Jambo hili halikuanza kwa urahisi. Zamani mnyama wa porini alikuwa hasara tupu kwa mfugaji. Simba alikula ng'ombe, na punda milia walimaliza malisho. Tena tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku katika Kenya, basi hapakuwa hata na fedha za leseni za wawindaji. Majangili nao walikuwa wakimaliza vifaru: karibu mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kabla ya mwaka 1990 walibaki pungufu ya 400.

Jirani yao ni Lewa, shamba la ng'ombe la jamaa ya Craig. Huko, mwaka 1983, ilitengwa sehemu iwe kimbilio la vifaru, na mwaka 1995 shamba lote likawa hifadhi. Bwana Ian Craig aliwashauri wazee wa Il Ngwesi wafikiri kufanya vivyo hivyo. Wako walioogopa kwamba ardhi yao ingechukuliwa kwa hila. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana Wamasai walihamishwa kutoka Laikipia kufuata mapatano ya mwaka 1911, na mambo ya namna hiyo hayasahauliki. Lakini baada ya kushauriana walikubali, kwa sharti kwamba ardhi na nyumba vibaki mikononi mwao.

Mgeni afikapo haoni jumba la mawe. Huona vibanda vichache vilivyoezekwa kwa nyasi, vimejengwa kwa miti na udongo, upande mmoja umeachwa wazi kuelekea bondeni. Umeme hutokana na nguvu za jua. Vipo hata vitanda vyenye magurudumu, ambavyo husukumwa nje usiku ili mgeni alale chini ya nyota. Asiyezoea huenda asipate usingizi upesi, kwa maana fisi hulia, na mara nyingine simba hunguruma mbali. Alfajiri mgeni hutembea kwa miguu pamoja na kiongozi mwenye bunduki, naye huonyeshwa nyayo za mnyama, kinyesi chake, na miti ambayo wazee huitumia kwa dawa.

Wanyama wa upande huo wa kaskazini si wote wanaoonekana kwingine. Yuko swala twiga, mwenye shingo ndefu, asimamaye kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Yuko pia punda milia wa Grevy, mwenye michirizi myembamba na masikio mapana. Punda huyo amekuwa adimu sana, na wengi wa waliosalia ulimwenguni wamo Kenya. Ndovu nao hupita kwenda majini, na mmoja aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku.

Fedha za wageni hulipa mishahara ya watumishi na askari wa wanyama, na nyingine husaidia karo za shule, matibabu na maji. Hapa ndipo kazi ya karani inapoonekana, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye hisa asiyejua hesabu ya mapato hawezi kuona kwa nini asimpige mkuki simba aliyemlia ndama. Mwaka 2002 Il Ngwesi ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa juhudi zake.

Hata hivyo jaribu kubwa huja wakati wa ukame. Ng'ombe wanakonda, na nyasi za hifadhini zi mbele ya macho. Kuwafungia mifugo wa mwenyeji ni kumtia uchungu. Kuwaachia wote waingie ni kuimaliza akiba kwa majuma machache, kisha wanyama huondoka, na wageni nao huondoka. Kwa hiyo haitoshi kuweka mpaka. Yapasa wenyeji wakubaliane mapema ni nani ataingia, wapi, na kwa siku ngapi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ulimwengu, nyumba za wageni za namna hii zilikosa wageni, na ikadhihirika kwamba fedha za wageni si mvua ya kila mwaka. Mfugaji mwenye busara hauzi ng'ombe wake wote kwa kuwa amepata wageni, wala hawafukuzi wanyama kwa kuwa wageni wamekawia. Hushika vyote viwili, na akiba ya mwaka mwema huiweka kwa ajili ya mwaka mbaya.