Bilionea Anayekuomba Utangulize Hela

Usiku wa Julai 15, 2020, saa tano ikiwa imeshapita kwa saa za Afrika Mashariki, ukurasa wa Twitter wa Elon Musk ulitangaza kwamba anagawa fedha. Tuma bitcoin zenye thamani ya dola 1,000 kwenye anwani hii, ulisema, nawe utarudishiwa za dola 2,000. Muda si muda ukurasa wa Bill Gates nao ukatoa tangazo linalofanana na hilo. Ukafuata wa Jeff Bezos, wa Barack Obama, wa Joe Biden aliyekuwa akigombea urais wakati huo, hadi kurasa za kampuni za Apple na Uber. Baadhi ya matangazo yaliweka na ukomo: nusu saa tu, kisha mlango unafungwa.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika maneno hayo. Yaliandikwa na kikundi cha vijana ambacho kinara wake alikuwa mvulana wa miaka 17 wa jimbo la Florida. Walianza kwa kuwapigia simu wafanyakazi wa Twitter, wakijitambulisha kuwa mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyo hiyo wanaoshughulikia tatizo la mtandao. Ulikuwa mwaka wa korona, watu wakifanyia kazi nyumbani, na simu ya namna hiyo haikumshangaza mtu. Wakapewa nywila, wakaingia ndani, wakalenga akaunti 130 na kuzitumia 45 kutangaza uongo wao. Hadi zilipozimwa, bitcoin za zaidi ya dola 100,000 zilikuwa zimeshaingia kwenye anwani yao.

Naanza na mkasa huu kwa sababu unaupindua ushauri tunaopeana kila siku. Tunaambiana: hakikisha akaunti ni ya mhusika mwenyewe, tazama tiki ya bluu, hesabu wafuasi. Waliofanya hivyo usiku ule waliikuta tiki ipo, wafuasi mamilioni wapo, na akaunti ni ya mwenyewe kweli. Uhakiki wao ndio uliowatia moyo wa kutuma. Jina kubwa ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokiiba, kwa hiyo jina haliwezi kuwa kipimo. Kipimo kinachobaki ni fedha yenyewe: inatoka kwa nani, na inaanza kwenda kwa nani? Mtu anayetaka kukupa haanzi kwa kupokea kutoka kwako. Awe Musk, awe mchungaji wako, awe mdogo wako wa damu anayeandika kwa namba yake ile ile ya siku zote, akisema utangulize ndipo akuzidishie, swali la kama ni yeye kweli halina tena umuhimu. Jibu ni hapana kwa vyovyote vile.

Wizi wa majina haukukoma na vijana wale. Desemba 12, 2021, akaunti ya Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, ilidukuliwa na kutangaza kwamba nchi yake imeikubali bitcoin kuwa fedha halali, na kwamba serikali imenunua bitcoin 500 ili kuwagawia wananchi wote. Chini yake kiliwekwa kiungo cha kubonyeza. Agosti 2024 ikawa zamu ya mwanasoka Kylian Mbappé, ambaye akaunti yake ilipigia debe sarafu yenye jina lake. Hapa Tanzania, Mei 2025, akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X (zamani Twitter) ilidukuliwa na kusambaza uongo. Kama akaunti za viongozi wa nchi na za polisi zinaibika, ya msanii unayemfuata haina kinga.

Upande wa video mambo ni hayo hayo, ila hapo mwizi anakupa na sura na sauti. Anachukua mahojiano ya zamani ya tajiri fulani, anayazungusha kana kwamba yanarushwa mubashara, kisha anayazungushia maandishi yenye msimbo wa QR na ahadi ya kuzidisha sarafu mara mbili. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, aliishitaki YouTube mwaka 2020 kwa sababu ya video za aina hii zilizotumia sura yake. Mara nyingi chaneli yenyewe pia ni ya wizi. Machi 2023 chaneli ya Linus Tech Tips, yenye wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa baada ya mfanyakazi kufungua faili lililofanana na barua ya udhamini. Watazamaji wakaikuta imebadilishwa jina na inarusha matangazo ya Musk na sarafu za kidijitali. Siku hizi programu za akili unde zinamtungia mtu maneno ambayo hakuwahi kuyasema, mdomo ukienda sawasawa na sauti. Jicho na sikio havitoshi tena kutegua mtego huu.

Si kweli kwamba wanaonaswa ni wajinga au wenye tamaa kupindukia. Siku ile ya Twitter, soko la sarafu la Coinbase lilizuia wateja wake zaidi ya 1,000 waliokuwa wakijaribu kutuma jumla ya dola takriban 280,000 kwa wezi wale. Hao ni watu waliokwishajua kununua bitcoin na kuitumia. Machi 2021 mwanamume mmoja wa Ujerumani aliieleza BBC jinsi alivyotuma bitcoin 10, zilizokuwa na thamani ya zaidi ya pauni 400,000, akiamini Musk angemrudishia 20. Katika miezi sita tu iliyoishia Machi 2021, Tume ya Biashara ya Marekani ilipokea malalamiko ya watu waliopoteza zaidi ya dola milioni 2 kwa waliojifanya Musk. Kinachowaangusha ni haraka. Saa inayohesabu kurudi nyuma imewekwa ili usipate nafasi ya kumuuliza mwenzako.

Kwetu mtego huu umevaa nguo za nyumbani. Unaanza na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu unayemfahamu: "Samahani ndugu yangu, kuna namba sita zimetumwa kwako kimakosa, naomba unisomee." Ukimsomea, umempa funguo za akaunti yako, maana namba hizo ndizo zinazofungulia WhatsApp kwenye simu nyingine. Kesho yake "wewe" unaonekana kwenye status ukishuhudia: uliweka shilingi 100,000, baada ya saa tatu ukapokea milioni moja, na picha ya ujumbe wa muamala imewekwa kama ushahidi. Picha ile hutengenezwa kwa dakika mbili. Shangazi yako anaiona, anasema mtoto wetu huyu hawezi kutudanganya, anatuma. Ni wizi unaokula undugu, na ndiyo maana unaniuma kuliko ule wa kina Musk.

Wenye umri wa kukumbuka mwaka 2009 watakuwa wanaifikiria DECI. Watu walipanga foleni Dar es Salaam na mikoani "kupanda mbegu" kwa ahadi ya kuvuna maradufu, baadhi ya viongozi wake wakiwa wachungaji, mpaka serikali ilipoingilia kati na kesi ya kuendesha mchezo wa upatu ikafunguliwa. Tofauti ni kwamba DECI ilikuwa na ofisi, na polisi walijua pa kwenda. Anwani ya bitcoin haina mtaa.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalowaponza wengi. Mtu wa kawaida Dar au Nairobi hanunui sarafu hizi benki. Anaingia kwenye soko la mtandaoni, anamkuta muuzaji binafsi, anamlipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kisha anapokea sarafu ya kidijitali ya USDT kwenye pochi yake ya mtandaoni. Baada ya hapo ndipo anairusha kwa tapeli. Akishtuka na kukimbilia kampuni ya simu aombe muamala urudishwe, anagonga mwamba, kwa kuwa muuzaji yule alimpa alichokinunua na hana kosa. Fedha imeibiwa katika hatua ya pili, ambako hakuna wakala, hakuna huduma kwa wateja, na hakuna kitufe cha kurudisha. Muamala ukishathibitishwa kwenye daftari la kidijitali la sarafu hizi (blockchain), haufutiki.

Lakini daftari hilo hilo liko wazi kwa kila mtu, na watu wachache mno hulitumia kujilinda. Chukua anwani uliyopewa, ibandike kwenye tovuti yoyote inayoonyesha miamala ya sarafu husika. Utaona kilichoingia na kilichotoka. Kama kweli kuna ugawaji, utayaona malipo maradufu yakiwarudia waliotuma. Kwa tapeli utaona viwango vingi vidogo vidogo vinaingia, kisha vinakusanywa na kuhamishwa vyote kwa mkupuo. Orodha ya "waliolipwa" inayoteremka kwenye tovuti yake haithibitishi chochote. Ni maandishi yanayojitunga yenyewe.

Haki itendeke: ugawaji wa kweli upo. Septemba 2020 mradi wa kubadilishana sarafu za kidijitali wa Uniswap uliwapa watu waliokuwa wameshautumia sarafu 400 za UNI kila mmoja, na kwa bei ya siku hizo zilifika zaidi ya dola 1,000. Hawakuambiwa wapeleke sarafu zao ili zizidishwe. Walilipa ada ya mtandao tu walipochukua mgawo wao. Kwa bahati mbaya, mifano kama hiyo imewapa wezi mlango mwingine. Wanakuletea tovuti inayosema umepata mgawo, unganisha pochi yako, kisha idhinisha. Unachokiidhinisha ni ruhusa ya wao kuchota vilivyomo. Wengine huomba yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi. Hakuna mgawo, hakuna fundi, hakuna msimamizi wa kundi la Telegram mwenye sababu halali ya kuyajua maneno hayo.

Kama umeshalizwa, usipoteze saa ukijilaumu. Liarifu soko ulilolitumia kutuma sarafu, uwape namba ya muamala. Ikiwa mwizi amezipeleka kwenye soko linalotambulika, huenda zikazuiliwa. Kama ulitoa maneno ya siri, fungua pochi mpya na uhamishe kilichobaki saa hiyo hiyo. Piga picha za mazungumzo kabla hayajafutwa. Tanzania, namba za matapeli hutumwa kwenda 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333.

Nenda polisi pia. Wengi Tanzania wanaogopa, wakikumbuka tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililokataza biashara ya sarafu hizi. Hata hivyo, tangu mwaka 2024 serikali ya Tanzania inatoza kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na Kenya imepitisha sheria ya watoa huduma za sekta hii mwaka 2025. Aliyeibiwa ni mlalamikaji, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inamhusu aliyeiba.

Kisha jiandae kwa simu nyingine. Ndani ya siku chache atajitokeza mtu, mara mwanasheria, mara mdukuzi mwema, akidai ameshajua fedha zako ziko wapi na anaweza kuzirudisha. Orodha za waliolizwa huuzwa baina ya matapeli, na huenda ni yule yule wa kwanza. Atakuwa na majibu ya kila swali, na atakachohitaji kutoka kwako ni ada kidogo tu ya kuanzia kazi.